Timu ya ushindi kwanza au timu ya kujifunza kwanza: ulinganisho kwa mzazi anayemtafutia mtoto kocha

Mzazi wa Unguja au Pemba anayetaka mwanawe acheze mpira hakosi timu ya kumpeleka. Baada ya sala ya alasiri kila kiwanja kina watoto, kuanzia Maisara na Mnazi Mmoja hadi viwanja vya mchanga vya vijijini, na karibu kila mtaa una mtu anayeitwa kocha. Kinachomtatiza mzazi ni kuchagua, kwa sababu timu mbili zinaweza kuwa na saa zile zile za mazoezi, jezi zinazokaribiana na hata mazoezi ya aina moja, lakini zikawa zinawalea watoto kwa njia mbili zinazoachana sana. Katika ulinganisho huu ninaziita timu ya ushindi kwanza na timu ya kujifunza kwanza. Nimewaona makocha wa aina zote mbili nikiwa mwalimu wa skuli na mzazi wa watoto wanaocheza, na nina upande wangu, ambao sitauficha. Hata hivyo nitaeleza kila njia inampa mtoto nini na inamgharimu nini, kwa kutegemea yale ambayo saikolojia ya michezo imeyachunguza kwa takriban miaka 40.

Maana ya kufaulu

Mwaka 1984 mwanasaikolojia John Nicholls alieleza kwamba mtu anayetaka kujua kama ana uwezo hutumia mojawapo ya vipimo viwili. Cha kwanza ni kujilinganisha na nafsi yake ya jana: juzi nilikuwa siwezi kupiga krosi kwa mguu wa kushoto, leo nimeweza, basi nimefaulu. Cha pili ni kujilinganisha na wenzake: nimemshinda fulani, tena bila ya kutoka jasho kama lake, basi nimefaulu. Kipimo cha kwanza tunaweza kukiita mwelekeo wa umahiri, na cha pili mwelekeo wa nafsi. Mtoto mdogo havitenganishi vipimo hivi, kwa sababu kwake yeye aliyejitahidi zaidi ndiye mwenye uwezo zaidi. Ni kufikia karibu miaka 11 au 12 ndipo anapotambua kikamilifu kwamba mwenzake anaweza kujitahidi kidogo na bado akampita. Umri huo ndio hasa ambao watoto wetu huingizwa katika timu zenye kocha, ligi na kombe, na kwa hiyo kocha humpata mtoto wakati ule ule anapoamua atakuwa akijipima kwa kipi.

Timu ya ushindi kwanza humkabidhi kipimo cha pili, na humkabidhi bila ya kumwambia. Hakuna kocha anayesimama mbele ya watoto na kutangaza kwamba aliye dhaifu hana thamani. Lakini mtoto anayeona kwamba jina lake hutajwa pale tu anapofunga hufika mwenyewe kwenye hitimisho hilo. Timu ya kujifunza kwanza humpa kipimo cha kwanza, na kazi hiyo ni ngumu zaidi, kwa sababu ubao wa magoli unaonekana na watu wote ilhali maendeleo ya mguu wa kushoto huonwa na kocha anayeangalia kwa makini tu.

Sisi Watanzania tunao mfano unaovionyesha vipimo vyote viwili katika tukio moja. John Stephen Akhwari aliumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, akaendelea akiwa amefungwa bendeji, na akaingia uwanjani akiwa wa mwisho miongoni mwa 57 waliomaliza, katika mbio zilizoanzwa na watu 75. Kwa kipimo cha pili, kila aliyemaliza alimshinda. Mshindi wa siku ile alikuwa Mamo Wolde wa Ethiopia, mkimbiaji mkubwa kwa haki yake, lakini waulize watoto wa skuli yoyote ya hapa kwetu ni yupi kati ya hao wawili waliyewahi kusikia habari zake.

Yanayotendeka mazoezini

Carole Ames, aliyechunguza madarasa ya skuli nchini Marekani, alionyesha katika maandishi yake ya mwaka 1992 kwamba mwelekeo wa mtoto hautokani na tabia yake ya kuzaliwa peke yake, kwa sababu mazingira aliyomo humsukuma upande mmoja au mwingine. Watafiti wa michezo, Joan Duda akiwa miongoni mwao, waliipeleka hoja hiyo uwanjani. Mambo ambayo mzazi anapaswa kuyaangalia ni ya kawaida kabisa: nani anaamua, nani anasifiwa na kwa lipi, watoto wanagawanywa vipi, kosa linashughulikiwaje, na mtoto mzito wa kujifunza anapewa muda gani.

Chukua kosa peke yake. Katika timu ya ushindi kwanza, mtoto anayepoteza mpira kwenye eneo la hatari hutolewa, mara nyingi kabla hajapata nafasi ya kuugusa tena, na maneno ya kocha husikika hadi barabarani. Mantiki yake ipo, kwa sababu mechi inaendelea na goli linaweza kuingia. Katika timu ya kujifunza kwanza mtoto yule huachwa uwanjani, na wakati wa mapumziko huulizwa aliona nini kabla ya kutoa pasi ile. Pengine goli litaingia kweli. Kocha huyu amekubali kulipa gharama hiyo, na mzazi anayempeleka mtoto wake huko naye akubali mapema kwamba kuna Jumamosi ambazo timu itafungwa kwa makosa ambayo kocha aliyavumilia kwa makusudi.

Hapa ni lazima nisahihishe dhana ambayo nimeikuta kwa wazazi wengi, kwamba kocha mkali ni wa ushindi na kocha mpole ni wa kujifunza. Nimemjua kocha mmoja wa sauti kubwa na asiyevumilia kuchelewa hata kidogo, ambaye kila mtoto wake alicheza na kila mtoto aliambiwa ni jambo gani alifanyie kazi wiki ile. Nimemjua mwingine mtaratibu, mwenye maneno laini kwa wazazi, ambaye kuna mtoto alimkalisha benchi msimu mzima asicheze hata dakika 10. Ukali na upole ni jambo la tabia. Swali la kuuliza ni ukali huo unadai nini. Kudai juhudi na nidhamu kwa sauti ya juu ni jambo moja, na kumfedhehesha mtoto kwa kuwa ameshindwa na mwenzake ni jambo jingine kabisa.

Rafu, uungwana na mwenendo kwa mpinzani

Hili ndilo eneo ambalo tofauti kati ya timu hizi mbili ina uzito mkubwa zaidi, na ndilo lililonifanya niandike. Mwaka 2001 Maria Kavussanu na Glyn Roberts walichapisha uchunguzi wa wachezaji wa mpira wa kikapu wa vyuo nchini Marekani, wakakuta kwamba wale wenye mwelekeo mkubwa wa nafsi walielekea zaidi kuviona vitendo visivyo vya kiungwana kuwa ni halali. Miaka miwili baadaye Yngvar Ommundsen na wenzake walichapisha matokeo yanayoelekea upande huo huo kuhusu vijana wanaocheza mpira wa miguu nchini Norwe, safari hii wakiangalia mazingira ambayo kocha ameyajenga. Tafiti nyingi za aina hii huwauliza wachezaji kwa dodoso na kwa wakati mmoja, kwa hiyo zinaonyesha mambo yanayoandamana. Hazithibitishi peke yake kwamba moja limelizaa jingine. Lakini sababu ya kuandamana huko si ngumu kuielewa. Kijana anayejipima kwa nafsi yake ya jana hapati chochote kwa kudanganya, kwa sababu penalti ya kujiangusha haimfundishi kupiga chenga. Kijana anayejipima kwa kumpita mwenzake hupata alichokuwa akikitafuta hata kama amekipata kwa njia ya mkato.

Mwaka 2009 Kavussanu na Ian Boardley waliunda kipimo kinachotenganisha mambo manne: mema anayomfanyia mchezaji mwenzake wa timu, mema anayomfanyia mpinzani, mabaya anayomfanyia mwenzake na mabaya anayomfanyia mpinzani. Mgawanyo huu una faida kubwa kwa mzazi, kwa sababu wachezaji huwatendea mema zaidi wenzao wa jezi moja, na mabaya yao zaidi huwaelekea wapinzani. Mtoto anaweza kuwa ndugu wa kupigiwa mfano ndani ya timu yake, anawabebea wenzake maji na kuwapa moyo, kisha akamkanyaga beki wa mtaa wa pili bila ya kuona tabu. Kocha wa ushindi kwanza mara nyingi hujenga udugu mkubwa sana wa ndani, na wazazi humsifu kwa hilo kwa haki. Kwa hiyo, ukienda kuchunguza timu, usiangalie wanavyokumbatiana baada ya goli. Angalia wanavyofanya mtoto wa upande wa pili anapoanguka na kushika goti.

Ujanja

Lugha yetu imetuwekea mtego katika neno moja. Mtu mjanja uwanjani ni yule mwenye chenga, anayemwonyesha beki bega la kulia akapita kushoto, na sote tunampigia makofi. Lakini mjanja pia ni yule anayejiangusha ndani ya kisanduku, anayemvuta mwenzake jezi refa anapogeuka, na anayelala chini dakika ya 85 kwa maumivu yanayopona mara tu machela inapofika. Tukitumia neno moja kwa yote haya mbele ya mtoto wa miaka 10, tunamnyima uwezo wa kuyatenganisha, ilhali yametengana sana.

Mimi huwafundisha kwa kuyapanga katika daraja tatu. Chenga ni udanganyifu ambao mchezo wenyewe umeuruhusu, na anayedanganywa anajua kwamba atajaribiwa kudanganywa. Daraja la pili ni kuvunja sheria mbele ya watu wote na kulipa. Mfano ambao kila mtu anaukumbuka ni wa tarehe 2 Julai 2010 mjini Johannesburg, katika robo fainali ya Kombe la Dunia, pale Luis Suárez wa Uruguay alipouzuia kwa mikono mpira uliokuwa ukiingia golini dakika ya mwisho ya muda wa nyongeza. Alipewa kadi nyekundu, Ghana wakapewa penalti, Asamoah Gyan akaigonga mwamba, na Uruguay wakashinda kwa mikwaju ya penalti 4 kwa 2. Afrika nzima iliumia, nami niliumia. Lakini ukilitazama tukio lile kwa utulivu utaona kwamba refa aliona, sheria ilitumika, na adhabu ilitolewa. Daraja la tatu ni kumfanya refa asione ukweli, na hapa ndipo penye kujiangusha na umri wa uongo. Katika daraja hili mchezo wenyewe umeibiwa, kwa kuwa sheria haikupata nafasi ya kufanya kazi. Watoto wanaelewa mgawanyo huu haraka kuliko watu wazima, na hubishana kuhusu Suárez kwa ari ambayo hakuna somo jingine lililowahi kuiamsha darasani mwangu.

Brenda Bredemeier na David Shields waliandika katika miaka ya 1980 kwamba wachezaji huuchukulia uwanja kuwa ni dunia ya pembeni ambamo wajibu wa kawaida wa mtu kwa mtu hupunguzwa kwa muda. Hili halipaswi kutushangaza sisi, kwa sababu Makunduchi kila mwaka katika sherehe ya Mwaka Kogwa wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba, na pigo ambalo siku nyingine lingemfikisha mtu kwa sheha, siku ile ni halali. Lakini kila mtu anajua silaha ni mgomba na si gongo, anajua pigano linaanzia wapi na linaishia wapi, na anajua kwamba linapokwisha kinyongo kinatakiwa kiwe kimekwisha nalo. Dunia ile ya pembeni ina kuta. Timu ya kujifunza kwanza huzijenga kuta hizo kwa kuwaeleza watoto wazi nini kinaruhusiwa na kwa nini. Timu ya ushindi kwanza huziacha zisogezwe na matokeo ya mechi, kiasi kwamba tukiwa tunaongoza tunacheza kiungwana na tukiwa tumefungwa kila kitu ni halali.

Mwanasaikolojia Albert Bandura ndiye aliyeeleza kwa ukamilifu zaidi namna mtu mwema anavyoweza kutenda ubaya na bado akalala usingizi. Alitaja njia nane ambazo mtu huzitumia kuizima dhamiri yake, na yeyote aliyekaa pembeni mwa kiwanja chochote cha hapa amezisikia kwa Kiswahili fasaha. Rafu ya kukusudia huitwa “faulo ya kimbinu” au “kutumia akili”, na kwa kubadilishwa jina hupungua uzito. Mchezaji husema “kocha ndiye aliyeniambia nimsimamishe”, na mzigo ukahamia kwa kocha. Au “sote tulikuwa tukimpiga”, na mzigo ukagawanywa hadi ukapotea. Husemwa kwamba “hajaumia yule”, kwamba “amejitakia mwenyewe”, kwamba “mbona wao walituvunja mtu mwaka jana”, na kwamba yote ni “kwa ajili ya timu”. Njia ya nane, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote, ni kumvua mpinzani ubinadamu wake kwa kumwita jina la mnyama. Boardley na Kavussanu walitengeneza mwaka 2007 kipimo cha hali hii kwa wanamichezo, na mwaka 2011 Ken Hodge na Chris Lonsdale walionyesha kwamba wachezaji wanaocheza kwa kushinikizwa, kwa kuogopa lawama au kwa kutafuta sifa, huelekea zaidi kuizima dhamiri kwa njia hizi, na walioizima dhamiri ndio wanaofanya mabaya zaidi kwa wapinzani na hata kwa wenzao.

Mzazi anaweza kulitumia jambo hili bila ya dodoso lolote. Akae karibu na benchi kwa dakika 20 za mechi na asikilize misemo hiyo inatoka kwa nani. Ikitoka kwa watoto, kocha ana kazi ya kufanya. Ikitoka kwa kocha, mzazi ameshapata jibu lake.

Vijeba

Tuna kidonda chetu wenyewe, nacho ni vijeba, wachezaji wakubwa wanaoingizwa katika timu za watoto kwa cheti kisicho chao. Mwaka 2018 timu yetu ya vijana wa chini ya miaka 17 iliondolewa katika mashindano ya CECAFA, shirikisho la soka la Afrika Mashariki na Kati, nchini Burundi kwa sababu ya umri wa wachezaji. Zanzibar haiko peke yake katika hili, kwani tatizo lilikuwa kubwa duniani kiasi cha FIFA kuanza kutumia picha za MRI za kifundo cha mkono, zinazoonyesha mifupa imekua kiasi gani, katika Kombe la Dunia la vijana wa umri huo mwaka 2009 nchini Nigeria.

Nataka mzazi aone kwamba kijeba ni zao la moja kwa moja la kipimo cha pili. Timu inayojipima kwa kujifunza haina haja naye, kwa kuwa mtu wa miaka 19 akiwafunga watoto wa miaka 15 hajifunzi chochote, na mtoto aliyenyang'anywa nafasi yake hajifunzi vilevile. Timu inayojipima kwa kombe inamhitaji, na ikishamhitaji inahitaji pia mzazi wa kunyamaza, mwalimu wa kufumba macho na watoto 15 wanaojua ukweli na kuuficha. Hao watoto 15 ndio wanaonisikitisha zaidi kuliko kijeba mwenyewe. Wamefundishwa wakiwa wadogo kwamba uaminifu ni kwa timu na si kwa ukweli, na wamefundishwa na watu wazima wanaowaheshimu na kuwaamkia shikamoo kila siku.

Ikiwa katika timu unayoifikiria umeona kijeba mmoja tu na kocha anajua, ushauri wangu ni kuiacha, hata kama ndiyo yenye jezi nzuri na makombe mengi kabatini.

Zawadi na fedha

Hapa tofauti si kubwa kama watu wanavyofikiri, kwa sababu timu za aina zote mbili hutoa zawadi, na swali ni zinatolewaje. Mwaka 1971 Edward Deci alionyesha kwamba wanafunzi waliolipwa kwa kufumbua mafumbo ya kupanga vipande waliyarudia kidogo zaidi kwa hiari yao malipo yalipoondolewa. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliona jambo kama hilo kwa watoto wadogo waliopenda kuchora: wale walioahidiwa cheti mapema walichora kidogo zaidi baadaye, ilhali waliopewa cheti bila ya kuahidiwa hawakupoteza hamu. Uchambuzi wa tafiti 128 uliochapishwa mwaka 1999 na Deci, Richard Koestner na Richard Ryan uliunga mkono picha hiyo: zawadi ya kushikika iliyoahidiwa kabla huidhoofisha hamu ya ndani.

Kwa hiyo mfadhili wa mtaa anayetangaza kabla ya mechi kwamba kila goli lina shilingi kadhaa anadhani anawapa watoto moyo, kumbe anawafundisha kwamba mpira ni kazi ya kulipwa, na kwamba mwenzako aliye kwenye nafasi nzuri zaidi ni mtu wa kumnyima pasi. Timu ya kujifunza kwanza inaweza kupokea fedha zile zile ikanunua mipira, maji au nauli ya kwenda kucheza uwanja wa Gombani kule Pemba, na ikawanunulia watoto juisi baada ya mechi bila ya kuwaahidi. Simlaumu mfadhili anayetoa kwa moyo mweupe. Ninamwomba tu azungumze na kocha kabla hajaufungua mkoba wake mbele ya watoto.

Matokeo na kuacha mpira

Mzazi atauliza, na ana haki ya kuuliza, kama timu ya kujifunza kwanza hushinda. Jibu bora ninalolijua linatoka Seattle nchini Marekani, ambako Ronald Smith na Frank Smoll waliwafunza makocha wa besiboli ya watoto kutia moyo, kurekebisha kosa kwa maelezo na kuacha kuadhibu. Timu za makocha waliofunzwa hazikushinda mechi nyingi zaidi wala chache zaidi kuliko za wengine. Lakini katika uchunguzi wao uliochapishwa mwaka 1992 pamoja na Nancy Barnett, asilimia 5 tu ya watoto wa makocha waliofunzwa ndio hawakurudi msimu uliofuata, ukilinganisha na asilimia 26 ya watoto wa makocha wengine. Kwa visiwa vyenye watu wachache kama vyetu hesabu hiyo ina uzito wake, kwani mtoto anayeacha mpira akiwa na miaka 13 hatutampata akiwa na miaka 20, na mara nyingi walioachwa benchi ni wale ambao miili yao ilichelewa tu kukua.

Pale ambapo ushindi kwanza una haki yake

Nisingependa kueleweka kwamba kushindana ni kosa. Mielekeo ile miwili haipingani kama mizani. Mtu anaweza kuwa na yote miwili kwa wingi, na wachezaji wengi wakubwa wako hivyo. Kijana wa miaka 18 anayetafuta nafasi katika klabu kama KMKM, Mlandege au JKU anaingia mahali ambapo matokeo ndiyo ajira, na kocha anayemficha ukweli huo hamsaidii. Kwa kijana wa umri huo, ambaye tayari ana kipimo chake cha ndani, timu ya ushindi kwanza inaweza kumnoa. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na kukubali kushindwa kunahitaji kwanza mtu awe ameshindana kwa dhati. Mtoto anayeambiwa kila wiki kwamba matokeo si kitu ataona kwamba anadanganywa, maana yeye mwenyewe amehesabu magoli.

Hata katika kiwango cha juu swali halijafungwa. Mwezi Desemba mwaka 2012, katika mbio za nyika huko Burlada nchini Hispania, Mkenya Abel Mutai, aliyekuwa amepata shaba ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya London mwaka ule ule, alisimama kabla ya mstari akidhani amemaliza. Iván Fernández Anaya aliyekuwa nyuma yake hakumpita. Alimwelekeza asonge mbele hadi amalize wa kwanza. Kocha wa Fernández Anaya, Martín Fiz, bingwa wa dunia wa marathoni wa mwaka 1995, alisema baadaye kwamba yeye mwenyewe asingefanya hivyo. Hapo una mwanariadha na kocha wake, watu wawili wanaoheshimiana, kila mmoja na kipimo chake. Ninamwelewa Fiz, kwa sababu hakuna sheria iliyomlazimisha mwanafunzi wake kusimama, lakini mtoto wangu ningempeleka akalelewe na Fernández Anaya.

Kabla ya kuamua

Kwa mtoto wa chini ya miaka 14 chaguo langu ni timu ya kujifunza kwanza, hata kama iko mbali zaidi na haina kombe. Kwa kijana wa miaka 16 au 17 mwenye kipaji na moyo thabiti, ningekubali timu ya ushindi kwanza kwa sharti kwamba haina vijeba na kwamba kocha hamtumi mtu kuvunja mguu wa mwingine. Kati ya umri huo na huo mzazi amwangalie mtoto mwenyewe: anayerudi nyumbani akieleza alichojaribu anaweza kuhimili mashindano makali; anayerudi akieleza nani amemzidi nani, na usingizi ukamkatika kwa hilo, bado anahitaji kocha wa kujifunza kwanza.

Nenda ukaangalie mara tatu: siku ya mazoezi, siku ya mechi waliyoshinda na siku ya mechi waliyofungwa. Siku ya kufungwa ndiyo yenye habari nyingi. Angalia kama kocha anampa mkono refa, kama anazungumza na watoto kuhusu mchezo au kuhusu mtu wa kulaumiwa, na kama wale wa benchi wameketi karibu naye au mbali. Kisha jiangalie na wewe, kwa kuwa mtoto anapofika nyumbani magharibi ikikaribia, swali la kwanza analoulizwa mlangoni lina nguvu sawa na hotuba nzima ya kocha. “Mmefunga ngapi?” ni swali la kipimo cha pili. “Leo umeweza nini ambacho wiki iliyopita kilikushinda?” ni la kipimo cha kwanza, na mwanzoni mtoto atakosa jibu, lakini baada ya wiki chache atakuja nalo kabla hujamuuliza.

Katika vijiji vingi, hasa Pemba, shauri zima hili la kuchagua halipo, kwa sababu timu ni moja na kocha ni mmoja, naye anajitolea bila ya malipo baada ya kutoka shamba au baharini. Hapo mzazi asimwendee na orodha ya madai. Amwendee pamoja na wazazi wengine wawili au watatu, baada ya sala, kwa heshima anayostahiki mtu anayewalelea watoto wao, na amwombe jambo moja tu kwa msimu huu: “Maalim, tunaomba kila mtoto aliyehudhuria mazoezi wiki nzima acheze angalau nusu ya mechi.” Wazazi hao wawe tayari kusimama upande wake Jumamosi ile atakapofungwa kwa sababu ya kuwakubalia.